Fahamu: Kwa nini perege huhema juu ya maji alfajiri

Ukikuta perege wamejazana juu ya bwawa, midomo wazi, mashavu yakipiga harakaharaka, mara nyingi oksijeni imepungua majini.

Kwa nini alfajiri?

Mchana mwani huzalisha oksijeni. Usiku mwani huohuo, samaki na mabaki ya pumba yanayooza huitumia, hivyo hali huwa mbaya zaidi kabla ya jua kuchomoza. Tena maji ya joto ya mabondeni Morogoro hubeba oksijeni kidogo kuliko ya vijito baridi vya milima ya Uluguru. Amonia itokanayo na kinyesi huongeza balaa kwa kuunguza matamvua.

Kambale je?

Kambale huja juu kuvuta hewa kwa kawaida, kama beta, samaki wa mapambo. Wote wana kiungo cha ziada cha kupumulia. Lakini beta akihema mfululizo, chunguza maji: klorini ya bomba au amonia.

Ufanye nini?

Perege wakihema, sitisha chakula, punguza sehemu ya maji, ingiza mapya yakianguka kutoka juu. Wakiendelea kuhema hadi mchana, wasiliana mapema na wataalamu wa ufugaji samaki wa kituo cha Kingolwira au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA).