Sabufa Katika Gari la Fahari

Wenye magari ya fahari, kama BMW na Mercedes-Benz, mara nyingi husema redio ni nzuri ila besi haitoshi. Wakati wa likizo mimi humsaidia mjomba wangu, fundi wa umeme wa magari, nami napenda kuwaeleza wenzangu jinsi besi iongezwavyo.

Sauti nzito ni mitetemo michache. Sikio husikia kuanzia 20 hivi kwa sekunde. Mitetemo hiyo hutaka hewa nyingi isukumwe, ndiyo maana sabufa huwa pana, inchi 10 au 12, nayo husukumwa na amplifaya yake.

Redio haing'olewi. Katika mengi ya magari hayo ya miaka ya 2000, vyombo vya sauti vimeunganishwa kwa uzi upitishao nuru, mfano wa duara. Ukikatika mahali pamoja, vyote hunyamaza. Kwa hiyo fundi huchukua sauti kwenye nyaya ziendazo kwenye spika.

Hatari imo katika umeme. Amplifaya ya wati 600, kwa betri ya volti 12, huvuta ampea 50 au zaidi. Waya mwembamba utashika moto. Basi uwe mnene, na fyuzi iwe karibu na betri, isipite sentimita 45. Ikiwekwa kwenye amplifaya tu, waya ukichubuka njiani na kugusa bati, hakuna cha kuukata umeme, na gari laweza kuungua.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua sabufa, tafuta betri ilipo. Katika BMW nyingi imo ndani ya buti, si mbele.