Mipira ya Tope kwa Lori la Zamani

Masika yakishika, lori la zamani la bodi bapa likipita Ndundu, kwenye barabara ya kusini inayovuka Mto Rufiji, linamwachia tope lake mwenye bodaboda au baiskeli aliye nyuma. Kuning'iniza mipira ya kuzuia tope nyuma ya matairi ni jambo la usalama, sawa na breki na taa. Linapuuzwa kwa sababu moja tu: anayeumia si mwenye lori.

Hatari yenyewe imebadilika sura. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, kufunguliwa mwaka 2003, magari ya Kilwa, Lindi na Mtwara yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na mto ukifurika hapakuwa na la kufanya ila kusubiri. Hata baada ya daraja, kilomita 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga zilibaki udongo kwa miaka mingi. Lori lilikwenda kwa kujikokota, na lililorushwa nyuma lilikuwa tope. Lami ilipofika mwendo ukapanda, lakini njia za mashambani zilibaki vilevile. Lori linatoka kupakia korosho au ufuta na mfinyanzi umeganda kwenye matairi, kokoto imebanwa katikati ya matairi pacha ya nyuma, kisha linapanda lami na kuondoka kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa gari zito. Na lami si ya kuitegemea siku zote: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili.

Jiwe linalochomoka kwenye tairi karibu na ardhi linarudi nyuma, ukilitazama kutoka kwenye lori, kwa kasi inayokaribia mwendo wa lori lenyewe. Anayelifuata lori kwa mwendo uleule analipokea kwa kasi hiyo. Mwenye gari dogo anapoteza kioo. Mwenye bodaboda hana kioo cha kupoteza.

Mafundi wengi hukosea kwanza kwenye kuchagua mpira. Wa tyubu ni mwepesi mno. Lori likishika mwendo upepo unaunyanyua na jiwe linapita chini yake. Kipande cha tairi kuukuu kina mkunjo wake wa asili, hakikubali kuning'inia wima. Bora ni mkanda wa mashine za kubebea mawe au nafaka, ule ambao ukiukata unaona matabaka ya turubai katikati ya mpira. Ni mzito, unatulia kwa uzito wake, na nyuzi zile zinazuia tundu la boliti lisichanike. Kisu kikichovywa kwenye maji ya sabuni kinaukata bila kukwama.

Kuna wanaopendekeza madigadi ya bati yaliyolikumbatia tairi. Kwa barabara kavu sawa, lakini kwa mfinyanzi wa bonde la Rufiji ni kujitafutia balaa: udongo unajaa kati ya bati na tairi mpaka gurudumu linabanwa. Mpira unaocheza unaupukutisha wenyewe.

Kufunga kuna miiko yake. Mdomo wa juu na wa chini wa chesisi hautobolewi kamwe, maana ndio unaobeba mkazo wa mzigo. Ufa huanzia kwenye tundu na kuendelea kimyakimya hadi chesisi ikatike. Kama ni lazima kutoboa, utobolewe ubavu, na kabla ya hapo yatafutwe matundu yaliyoachwa na kiwanda. Kuchomelea kwenye chesisi kuepukwe, kwa sababu joto linadhoofisha chuma. Njia salama zaidi ni kufunga pau ya chuma kwenye mbao za mkingamo chini ya bodi, kisha kuubana mpira kati ya pau hiyo na nyingine, boliti zikiwa na wosha pana. Mpira ulioshikwa na boliti tupu hauchelewi kunyofoka.

Urefu upimwe lori likiwa na mzigo, springi zikiwa zimelala: shubiri moja kutoka ardhini inatosha. Ukipima lori tupu, siku ya kupakia mpira utaburuzwa chini. Kutoka tairini, uachwe karibu sentimita 30. Kinachoing'oa mipira mingi ni kurudi nyuma: ncha ya chini inagusa tuta, inasukumwa chini ya tairi, na tairi linaivuta pamoja na boliti na kipande cha ubao. Mnyororo mfupi kutoka pembe ya chini hadi nyuma ya bodi unauzuia mpira usisogelee tairi, na panapokuwa na mashimo utingo aukunje na kuufunga juu kabla dereva hajarudi nyuma.

Wapo wanaofufua malori haya kwa mapenzi, Bedford TJ kwa mfano, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, nao husema mipira inaharibu sura ya asili. Nawaheshimu kwa kazi yao, ila hoja hiyo siikubali. Mengi ya malori yale yalitoka kiwandani yakiwa kichwa na chesisi tu. Bodi ya nyuma, mbao, vyuma na yote yaliyoning'inia chini yake, iliachiwa mafundi wa kule lori lilikouzwa waiunde kwa kadiri ya barabara na mizigo yao.