Mtoto anajikuna kichwa kila siku? Huenda si mba

Mtoto anakula, anajikuna. Anafanya kazi ya shule, mkono mmoja umeshika kalamu, mwingine uko kichwani. Baba anasema ni mba, dada wa kazi anasema ni jasho, bibi anasema nywele zimekauka zinataka mafuta. Mafuta yanapakwa, na wiki inayofuata mtoto anajikuna kuliko mwanzo.

Muwasho wa ngozi ya kichwa si ugonjwa. Ni dalili, na nyuma yake kunaweza kuwa na mambo manne au matano tofauti, kila moja na tiba yake. Ndiyo maana dawa iliyomsaidia mtoto wa jirani inaweza isimsaidie wako kabisa, au hata ikamzidishia. Kabla ya kwenda dukani, mzazi anahitaji kujua anapambana na nini.

Umri unasema mengi

Jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: anayejikuna ana umri gani?

Mba husababishwa na aina ya hamira inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta ambayo ngozi yenyewe hutoa. Kwa hiyo mba huwapata zaidi watu ambao ngozi zao hutoa mafuta mengi, yaani vijana waliobalehe na watu wazima. Watoto wachanga nao hupata ukoko wa manjano utosini katika miezi ya mwanzo. Ukoko huo kwa kawaida hauwashi na huisha wenyewe.

Katikati hapo, kuanzia miaka kama miwili hadi kubalehe, mba si jambo la kawaida. Mtoto wa chekechea au wa shule ya msingi anayewashwa kichwa na kutoa magamba meupe, jambo la kwanza la kushuku ni mapunye.

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza muda. Mapunye tunayoyajua wote ni yale ya mabaka ya mviringo yasiyo na nywele. Lakini yapo mapunye ambayo mwanzoni hayaonyeshi baka lolote. Huonekana kama unga mweupe uliotapakaa kichwani, na mtu yeyote angesema ni mba.

Namna ya kumkagua mtoto

Mkalishe nje penye mwanga wa jua, gawanya nywele kwa kitana na uangalie ngozi yenyewe, sehemu baada ya sehemu. Tazama kama kuna nywele zilizokatika na kubaki vidoa vyeusi vidogo kwenye ngozi. Tazama kama kuna mahali nywele zimepungua. Kisha papasa nyuma ya shingo na nyuma ya masikio. Tezi zilizovimba hapo, zikiandamana na magamba na nywele zinazokatika, ni dalili nzito ya mapunye.

Hospitalini mtaalamu anaweza kukwangua magamba kidogo, kuchukua vipande vya nywele na kuvipeleka maabara kuangaliwa kwa hadubini. Ni kipimo kisicho na maumivu makubwa, na huondoa kubahatisha.

Kwa nini dawa ya kupaka haitoshi

Mapunye husababishwa na fangasi, na fangasi hawa hawakai juu ya ngozi tu. Huingia ndani ya unywele hadi kwenye shina lake, mahali ambapo krimu haifiki. Ndiyo sababu mtoto hupakwa dawa, baka likapoa kidogo, kisha likarudi. Kumnyoa kipara pia hakuponyi, kwa kuwa fangasi wamebaki chini.

Tiba ya mapunye ya kichwani ni dawa ya kumeza. Inayotumika sana kwa watoto ni grisofulvini, ambayo kwa kawaida humezwa kila siku kwa wiki sita hadi nane. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, kwa hiyo asigawiwe dozi ya kaka yake. Dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, parachichi au mboga iliyoungwa kwa nazi. Ipo pia terbinafini, ambayo kwa aina fulani za fangasi humezwa kwa muda mfupi zaidi. Uchaguzi ni wa daktari, naye aelezwe mapema kama mtoto ana tatizo la ini au anatumia dawa nyingine.

Shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi husaidia pia, lakini kazi yake ni kupunguza vimelea ili visiwafikie wengine. Haichukui nafasi ya vidonge.

Dozi ikiishia njiani

Baada ya wiki mbili au tatu muwasho hupungua. Mtoto analala vizuri, magamba yamepungua, na fedha ya vidonge vilivyobaki inahitajika kwingine. Wazazi wengi huacha hapo. Fangasi waliobaki kwenye mashina huanza upya, na mwezi mmoja baadaye familia iko pale pale ilipoanzia, safari hii ikiamini kwamba “dawa za hospitali hazifanyi kazi”.

Kuchelewa kuna gharama nyingine. Kwa baadhi ya watoto mwili hupambana na fangasi kwa nguvu, na baka hugeuka kuwa uvimbe laini, wenye maumivu, unaotoka usaha. Wengi hudhani ni jipu. Uvimbe huu usipasuliwe wala kukamuliwa, bali mtoto apelekwe hospitali haraka. Ukiachwa unaweza kuacha kovu, na penye kovu nywele haziwezi kuota tena. Mapunye yaliyotibiwa mapema hayana hasara hiyo: nywele hurudi taratibu baada ya wiki na miezi kadhaa.

Kama si mapunye

Chawa wa kichwani huwasha zaidi nyuma ya masikio na kisogoni. Mayai yao hugandamana na unywele karibu na ngozi, na tofauti na mba, ukiyapangusa hayadondoki. Chawa haruki wala hapai. Huhama vichwa vinapogusana. Dawa ya chawa kwa kawaida hurudiwa baada ya siku saba hadi kumi ili kuwamaliza wale walioanguliwa baadaye.

Kwa wasichana, tazama pia msuko. Nywele zilizobanwa mno huleta maumivu, vipele vidogo kwenye mistari, na nywele za pembeni mwa paji la uso huanza kukatika. Mtoto akishindwa kulala kwa maumivu siku aliyosukwa, msuko huo ufumuliwe usiku huohuo. Rasta za dukani nazo huwasha baadhi ya watu. Kuzisuuza vizuri na kuzikausha kabla ya kusuka kunaweza kusaidia.

Kwa kijana au mzazi mwenye mba ya kweli, mafuta mengi kichwani hayatibu. Magamba hulainika na kufichika kwa siku moja au mbili, lakini muwasho hubaki. Kinachosaidia ni shampuu ya mba, iachwe kichwani dakika tano hadi kumi kabla ya kusuuza. Nywele zetu za kipilipili hukauka upesi, hivyo mara moja kwa wiki huwatosha wengi. Mba haiponi moja kwa moja. Hutulizwa, na ikirudi hutulizwa tena.

Magamba mazito yenye mipaka inayoonekana wazi, hasa yakiwepo pia kwenye viwiko na magoti, yanaweza kuwa soriasisi. Na muwasho ulioanza baada ya rangi ya nywele, dawa ya kulainisha nywele au mafuta mapya unaweza kuwa mzio. Dawa ya kwanza hapo ni kuacha hicho kipya.

Visivyopaswa kufika kichwani

Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa ya kuua wadudu si tiba ya mtoto. Huunguza ngozi, na baadhi huweza kupenya mwilini na kumdhuru. Mafuta ya taa yanashika moto, na jiko halipo mbali.

Jihadhari pia na krimu za mchanganyiko, zile zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya bomba moja. Steroidi huondoa wekundu na muwasho kwa siku chache, mzazi akafurahi, huku fangasi wakiendelea kusambaa chini kwa chini. Daktari akija kumwona mtoto, ugonjwa umeshabadilika sura.

Tibu nyumba, si kichwa kimoja

Mtoto mmoja akiwa na mapunye, kagua vichwa vyote nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Wapo wanaobeba fangasi bila kuwashwa, na hao ndio humwambukiza tena aliyekwisha kupona. Kila mmoja awe na kitana, taulo na kofia yake. Mitandio, kofia na foronya zifuliwe na kuanikwa juani. Ukiweza, nunua mashine ya kunyolea ya nyumbani. Usipoweza, mwombe kinyozi aisafishe mashine mbele yako kabla ya kumgusa mtoto, wala usione haya. Paka au mbwa mwenye mabaka yasiyo na manyoya naye atibiwe, kwa sababu fangasi wengine hutoka kwa wanyama.

Nenda kituo cha afya bila kungoja ikiwa mtoto ana homa, usaha, uvimbe au sehemu inayopoteza nywele, au kama muwasho umepita wiki mbili licha ya kuosha vizuri. Magonjwa ya ngozi hayahitaji lazima kusafiri mbali. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimewafundisha wataalamu wanaofanya kazi maeneo mbalimbali, kwa hiyo uliza hospitali ya wilaya kama yupo mmoja na siku zake za kliniki.

Mwisho, maneno. Mapunye si alama ya uchafu wala ya mzazi mzembe. Huambukizwa kwa kucheza, kulala kitanda kimoja na kunyolewa pamoja, mambo ambayo watoto wote hufanya. Akishaanza vidonge, mtoto anaweza kuendelea na masomo. Mweleze mwalimu hivyo, ili asirudishwe nyumbani na asipewe jina la utani litakalobaki hata baada ya nywele kuota.