Kitutu Chache: Kiti Kilichokatwa Vipande Viwili

Mgeni akifika mjini Kisii na kuuliza mbunge wa mji ni nani, huenda akajibiwa kwa swali: "Wa upande upi?" Wachuuzi wa soko la Daraja Mbili wana mbunge wao, na wenzao walio katika wadi ya Kisii ya Kati wana wao. Wote hununua ndizi mahali pamoja, hukanyaga matope yale yale na watoto wao hupanda matatu zile zile. Lakini siku ya kura kila upande hupewa karatasi yenye majina mengine kabisa.

Sababu ni kwamba mji wa Kisii, ijapokuwa umepanuka na kufurika watu, haujapata kuwa na kiti chake Bungeni. Umegawanywa baina ya maeneo ya mashambani yanayokutana mjini, na mojawapo lilikuwa Kitutu Chache. Eneo hilo la ubunge halipo tena. Hata hivyo, msomaji, historia yake yafaa kujulikana na kila familia inayoishi mjini huku moyo ukiwa kijijini.

Kwanza tuondoe kosa moja. "Chache" katika jina hili si neno la Kiswahili, wala wapiga kura wa huko hawakuwa wachache! Jina ni la Ekegusii, na hulitofautisha eneo hili na ndugu yake Kitutu Masaba, lililoko Nyamira. Kabla ya uchaguzi wa 1988 pande hizo mbili zilijulikana kama Kitutu Magharibi na Kitutu Mashariki.

Waziri aangushwa

Baada ya uhuru, upande wa Magharibi uliwakilishwa na Lawrence Sagini, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Mnamo Oktoba 1969 chama cha KPU kilipigwa marufuku, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukawa wa KANU peke yake. Kwa hivyo mpiga kura hakuwa na chama cha kuchagua. Alibakiwa na jambo moja tu la kuamua, nalo ni mtu.

Na mtu walimpata. Dkt. Zachary Onyonka, mchumi aliyesomea Marekani na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alimwangusha waziri huyo. Naye akawa waziri, akashika wizara mbalimbali zikiwemo za Mipango ya Uchumi na Mambo ya Nje. Kiti hicho alikikalia hadi alipofariki mwaka 1996, yaani miaka 27.

Wenzao wa Kitutu Mashariki walichagua njia nyingine. Mwaka 1974 walimpeleka Bungeni George Anyona, mkosoaji mkali wa serikali, ambaye mwaka 1977 aliwekwa kizuizini. Vyama vingi viliporudi, wapiga kura wa Kitutu Masaba walimrudisha Bungeni mwaka 1992 kwa tikiti ya chama kidogo cha Kenya Social Congress. Upande mmoja wa Kitutu ulikuwa na waziri, upande wa pili ukawa na mpinzani. Damu moja, kura mbili.

Katikati ya yote hayo kulikuwa na mlolongo wa 1988. Wazee wataukumbuka: katika mchujo wa KANU watu walipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa ameshinda moja kwa moja, bila kura ya siri kupigwa. Hebu fikiri, ndugu msomaji, kusimama mbele ya chifu, jirani na shemeji yako, ukionyesha kwa miguu yako unamtaka nani!

Vyama huja na kwenda

Dkt. Onyonka alikihifadhi kiti kwa KANU mwaka 1992. Baada ya kifo chake, uchaguzi wa 1997 ulimpa ushindi Jimmy Angwenyi. Ndipo ikaja tufani ya 2002. Simeon Nyachae, mbunge wa eneo jirani la Nyaribari Chache aliyejiuzulu uwaziri mwaka 1999, aligombea urais kwa chama cha Ford-People. Nchini alipata karibu asilimia 6 tu ya kura, lakini Gusii ilimfuata. Chama chake kilipata viti 14, vingi vikiwa vya huku, na Angwenyi alirudi Bungeni kwa chama hicho.

Miaka mitano baadaye upepo ukageuka. Mwaka 2007 Nyachae mwenyewe alishindwa na Robert Monda kule Nyaribari Chache. Katika Kitutu Chache, Angwenyi aliangushwa na Richard Onyonka, mwana wa marehemu Zachary, aliyesimama kwa chama cha PDP.

Hapo ndipo tabia ya wapiga kura hawa inapoonekana. KANU, Ford-People, PDP: chama kwao kilikuwa kama koti la mvua, huvaliwa wakati wa manyunyu na kutundikwa jua likiwaka. Lililodumu ni swali la ukoo na nyumba: huyu ni wa nani, na atatuletea nini?

Zizi lagawanywa

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Katiba ya 2010 iliongeza maeneo ya ubunge nchini kutoka 210 hadi 290. Yale 10 ya Gusii yakawa 13: 9 Kisii na 4 Nyamira. Kitutu Chache ikakatwa. Kaskazini ilichukua wadi za Monyerero, Sensi, Marani na Kegogi. Kusini ikapata Bogusero, Bogeka, Nyakoe, Nyatieko na Kitutu ya Kati, iliyo upande wa mji. Uchaguzi wa 2013 ulipofika, Angwenyi alishinda Kaskazini na Onyonka akashinda Kusini. Kila fahali na zizi lake!

Mwaka 2022 vipande hivyo viliachana waziwazi. Kaskazini ilimchagua Japheth Nyakundi wa UDA, na Kusini ikamchagua Anthony Kibagendi wa ODM.

Je, haya yakuhusu nini wewe mkazi wa mjini? Yakuhusu mfukoni. Tangu 2003 kila eneo la ubunge lina hazina yake ya maendeleo, na sheria ya mwanzo iliamuru robo tatu ya fedha igawanywe sawasawa kati ya maeneo yote. Kupata kiti cha pili, basi, kulikuwa kupata fungu la pili. Fedha hizo ndizo hujenga madarasa na kutoa basari. Mwanafunzi anapojaza fomu ya basari, huulizwa eneo lake la ubunge. Watoto wawili wa mtaa mmoja wa Kisii wanaweza kujikuta wakigonga milango ya ofisi mbili tofauti.

Katiba, katika kifungu cha 89, inasema mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12, na kwamba miji ni miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa, pamoja na idadi ya watu, historia na utamaduni. Mji wa Kisii una hoja hapo, ikiwa wenyeji wake wataitoa.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishi mjini na kujiandikisha kijijini. Mitaro iliyoziba tunaiona kila siku, lakini kura tunampelekea mtu asiyehusika nayo. Kupigia kura nyumbani si dhambi. Huko kuna wazazi, shamba na makaburi ya mababu. Lakini kabla ya kujiandikisha, baba, mama na mwanafunzi wa chuo waketi pamoja na kuulizana: maji tunayokunywa, shule ya watoto na barabara tunayopita viko katika eneo la mbunge gani? Jibu likipatikana, itakuwa rahisi kujua kadi zisajiliwe wapi.