Ufito wa ndoano Mto Ruvu: Pa kusimama kwanza, samaki baadaye

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

MVUVI anayetoka Gwata, jina linalobebwa na maeneo ya Kibaha na Kisarawe mkoani Pwani, kwenda kutega ndoano Mto Ruvu, hapaswi kuanza kwa kuuliza bei ya ufito. Swali la kwanza ni atasimama wapi.

Mto huo unaanzia Milima ya Uluguru na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, na ndio chanzo kikuu cha maji ya jiji la Dar es Salaam. Ni makazi pia ya mamba na viboko.

Mamba huwinda ukingoni. Hutulia chini ya maji, mara nyingi bila kuonekana kabisa, kisha huruka kwa ghafla kumkamata anayekunywa, anayechota au anayevua. Mtu aliyeingia maji ya magotini ili chambo chake kivuke majani ya pembeni amejiweka mahali pabaya kuliko pote. Hata pale ambapo mamba hayupo, maji yaliyotulia yenye konokono huweza kumwambukiza kichocho.

Kwa sababu hiyo urefu ndio jambo la kwanza katika kuchagua ufito, na hapa mfano wa mbali unasaidia. Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, na nchini Kanada, maziwa huganda wakati wa baridi. Wavuvi hutoboa tundu kwenye barafu, wakaketi kando yake na kumvua samaki aitwaye walleye kwa ufito mfupi wa sentimita 60 hadi 90 hivi. Hawahitaji zaidi, kwa kuwa maji yapo miguuni pao.

Ruvu hesabu hiyo inageuka. Ufito wa mita nne au tano humwezesha mvuvi kubaki hatua kadhaa nyuma ya ukingo, na chambo bado kikaangukia nje ya majani. Hatua hizo hupunguza hatari, haziiondoi. Ufito mrefu pia huchosha mkono mapema, hivyo anayeununua aushike dukani kwa dakika chache, ameunyoosha mbele, kabla hajatoa fedha.

Baada ya urefu ndipo huja ncha, na ncha huamuliwa na mdomo wa samaki. Perege wa asili wa mto huu, ambaye wataalamu humwita Oreochromis urolepis na ambaye hupatikana pia Rufiji na Wami, ana mdomo mdogo na hudonoa. Ncha ngumu haitamwonyesha mvuvi lolote. Atavuta mshipi na kukuta ndoano tupu. Wavuvi wa walleye huchagua ncha laini kwa sababu iyo hiyo, maana kwenye maji ya baridi kali samaki huyo huligusa windo lake kwa upole mno.

Kambale ni habari nyingine. Hutafuta chakula chini kwa sharubu zake, huweza kuzidi urefu wa mita moja, na akishanasa hukimbilia kwenye mizizi. Anahitaji ufito wenye shina imara unaopinda hadi katikati, mshipi mnene na ndoano kubwa. Ikumbukwe kwamba kwa ndoano za kawaida, kadiri namba inavyoongezeka ndivyo ndoano inavyozidi kuwa ndogo. Wanunuzi wengi wapya hukosea hapo.

Kupima ni rahisi. Mnunuzi ashike shina, mwenzake avute ncha polepole kuelekea chini. Ukipinda theluthi ya juu peke yake, huo ni wa perege.

Mwanzi uliokomaa na kukaushwa kivulini bado unafaa kuliko fito nyingi za dukani za bei ya chini. Ukaguliwe nyufa kati ya pingili na matundu ya wadudu. Mshipi usifungwe nchani tu, bali ushuke ukizungushwa mpaka karibu na mshikio. Ncha ikikatika, samaki hubaki mkononi mwa mvuvi, wala hapati kishawishi cha kuingia majini kuufuata ufito wake. Kambale mkubwa naye asifuatwe ukingoni. Mvuvi arudi nyuma akimburuta hadi nchi kavu.

Fito za kisasa ni za nyuzi za kioo au za kaboni. Zile za kaboni ni nyepesi na huhisi mguso mdogo kabisa, lakini hupitisha umeme. Hilo lina uzito wake Kibaha, ambako tangu Juni 2024 treni za abiria za reli ya kisasa hupita zikitumia umeme wa kilovolti 25 unaopita kwenye nyaya za juu. Ufito wa kaboni usibebwe umesimama karibu na nyaya hizo, wala usishikwe wakati wa radi.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu au baruti. Masharti ya leseni ni vema yaulizwe kwa ofisa uvuvi wa halmashauri kabla ya safari.

Limebaki suala la saa. Kambale hula zaidi jua linapozama na usiku, na huo ndio wakati viboko hutoka majini kwenda malishoni, wakipita njia zao zilezile za ukingoni ambazo wavuvi hupenda kuzitumia kwa kuwa zimesafishwa. Kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini hushambulia, na dhidi yake ufito wa mita tano hausaidii kitu. Perege huvuliwa mchana.