Kombi kuukuu ikikohoa, chunguza kabla ya kununua vipuri

Injini ya Kombi kuukuu inayokohoa kwa vipindi huwasumbua mafundi kuliko iliyokufa kabisa, kwani aghalabu gari likifikishwa gereji hunguruma kana kwamba halijawahi kuugua. Mkazi wa Ganjoni anayepanga foleni ya feri ya Likoni na gari la aina hiyo hana raha.

Swali la kwanza ni hili: kinachokatika ni petroli au ni moto wa plagi?

Injini ikisitasita asubuhi ya masika, kisha ikatulia jua likiwaka, shuku moto. Unyevu na chumvi ya bahari hutua kwenye nyufa nyembamba za kifuniko cha distribyuta, umeme ukapotelea humo. Ukifungua mlango wa injini usiku, huenda ukaziona cheche hizo kwa macho.

Ikizimika baada ya safari ndefu na kuwaka tena ikipoa, pengine koili imechoka. Lakini kutu ya tangi nayo hutenda vivyo hivyo: huziba njia ya petroli gari likienda, huzama likisimama. Ndiyo maana plagi yafaa ikaguliwe papo hapo injini inapozimika, si saa moja baadaye. Moto ukiwepo, fuata petroli.

Wengi hukimbilia kabureta na kusahau mipira ya petroli. Katika Kombi zinazopozwa kwa hewa, mipira hiyo hupita karibu na injini yenye joto kali. Ikipasuka, gari huweza kuteketea. Ukisikia harufu ya petroli, usijaribu plagi. Zima injini, ubadilishe mipira kwanza.