Vibarua wa mjengo Isiolo: Dhiki ya moyo yazidi uzito wa karai

MJI wa Isiolo umekuwa ukijengwa bila kupumzika kwa takriban miaka 20. Kwanza ilikuja barabara ya lami ya kwenda Moyale, iliyojengwa kwa awamu kati ya mwaka wa 2007 na 2017. Ukafuata uwanja wa ndege, uliofunguliwa rasmi mwaka wa 2017, kisha barabara ya kuelekea Mandera kupitia Kulamawe, Modogashe na Wajir. Kando ya miradi hiyo mikubwa zimechipuka nyumba za kukodisha, maduka na hoteli za watu binafsi.

Katika shughuli zote hizo, majeraha ya mwili huonekana na huandikwa. Kibarua akianguka kutoka jukwaani, kuna fomu ya kujazwa na sheria ya fidia ya mwaka wa 2007 ya kumtetea. Lakini yule ambaye hajalala kwa majuma mawili, anayetetemeka kila asubuhi anapokaribia lango la kazini, hana fomu. Huambiwa ni mvivu, au ni mlevi.

Ni rahisi kudhani kwamba kinachomchosha mjenzi ni jua la Isiolo, vumbi na mawe. Kazi ngumu huchosha, naam, lakini uchovu wa mwili huisha kwa chakula na usingizi. Kinacholemea akili ni jinsi mtu huyu anavyoajiriwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye ajira yake haizidi saa 24 kwa wakati mmoja. Kila alfajiri, basi, mtu huyo huwa hana kazi. Husimama langoni pamoja na wenzake, nyapara akitazama nyuso na mikono, na kuchagua. Aliyebeba karai jana kwa bidii anaweza kuachwa leo kwa sababu saruji haikufika, au kwa sababu nyapara amekuja na jamaa yake. Mwenye nyumba na mwalimu anayesubiri karo hawahesabu kwa siku. Wao huhesabu kwa mwezi na kwa muhula. Pengo hilo kati ya pato la siku na deni la mwezi ndimo wasiwasi unamoota.

Isitoshe, hata aliyechaguliwa hana hakika ya malipo. Fedha za miradi ya umma hupita mikono mingi: kutoka serikalini hadi kwa mwanakandarasi, kisha kwa mwanakandarasi mdogo, kisha kwa fundi, na mwisho kwa mchanganya saruji. Zikikwama juu, huumia wa chini. Mwaka wa 2025 Serikali ya Kitaifa ililazimika kuweka rehani Sh7 za ushuru wa kutunza barabara katika kila lita ya mafuta ili kupata takriban Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi wa barabara malimbikizo yao. Kabla ya hapo, mitambo ilikuwa imezimwa katika sehemu nyingi nchini na wafanyakazi kurudishwa makwao. Fundi aliyewaajiri vijana kumi kwa ahadi ya Ijumaa hujikuta akidaiwa na kumi hao huku naye akiwa hajalipwa. Huyu naye ni mgonjwa mtarajiwa, ingawa vibarua humwona kuwa ndiye adui.

Kwa wanaotoka mbali, kuna upweke wa kambini na, upande wa kaskazini mashariki, hofu. Mnamo Desemba 2, 2014, wachimba mawe 36 waliuawa na magaidi huko Koromey karibu na Mandera. Wengine watano waliuawa katika kaunti hiyo Aprili 2025. Anayepita Isiolo kwenda kutafuta kibarua huko anazijua habari hizo, lakini huenda kwa kuwa nyumbani hakuna kazi.

Katika hali kama hii, miraa huwa karibu. Milima ya Nyambene, inakolimwa, inaonekana kutoka mjini. Hufukuza usingizi na njaa, mambo mawili anayoyatamani mtu wa zamu ndefu. Athari zake zikiisha, mtumiaji hubaki mnyonge, mwenye hasira na asiyelala, na wengine hutafuta pombe ili walale. Anayewakemea vibarua kwa miraa bila kuuliza wanaamka saa ngapi, na walikula nini jana, hajalitazama tatizo lenyewe.

Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, haisemwi kwa jina lake katika kazi ya wanaume. Huja zahanatini ikiwa maumivu ya mgongo, kichwa kisichopona, moyo kwenda mbio au tumbo linalodhaniwa kuwa lina vidonda. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu na kurejea kazini.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Nchini Uingereza, takwimu rasmi za miaka ya 2011 hadi 2015 zilionyesha kwamba vibarua wanaume wa kazi zisizohitaji ujuzi mwingi, hasa wa ujenzi, walikuwa katika hatari ya kujiua mara tatu zaidi ya wanaume wengine. Nchini Australia, wadau wa sekta hiyo walianzisha mwaka wa 2008 mpango wa kuwafunza wafanyakazi wenyewe kumtambua mwenzao aliyelemewa, kuzungumza naye na kumfikisha kwenye msaada.

Hapa Kenya, dawa moja imo tayari katika Sheria ya Ajira. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kuisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa na mkataba wa malipo ya mwezi, na hawezi kuachishwa bila notisi ya siku 28. Barabara haijengwi kwa majuma mawili. Wengi wa wanaoijenga wangestahili ulinzi huo, pamoja na siku ya mapumziko kila juma na likizo ya ugonjwa yenye malipo. Baadhi ya waajiri hukwepa kwa kuwasimamisha watu kabla mwezi haujatimia na kuwaita tena baadaye. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007, inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kamati hiyo inaweza kuuliza kuhusu malipo yaliyochelewa na zamu zisizoisha kama inavyouliza kuhusu kofia za chuma.

Kuhusu matibabu, Hospitali ya Mathari iko Nairobi, umbali wa karibu kilomita 285. Jopokazi la kitaifa lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2022 ikazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na wananchi. Muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa anaweza kuitambua sonona na kuanza kuitibu bila kumsafirisha mgonjwa hadi Nairobi.

Kikwazo kimoja cha kisheria kimekwisha kuondolewa. Hadi juzi, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, jambo lililowafanya wengi kuficha dhiki zao hata mbele ya daktari. Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.